Picha za Suzanne

Ukurasa wa kwanza wa majaribio ulitoka mtupu, umelowa. Yannick alidhani ni mvua iliyopenya dirishani, akaukunja na kuutupa.

Alikuwa katika ofisi ya shule moja hapo Bunia, akijaribu kuunganisha kompyuta ya mkononi na imprimante, mashine ya kuchapa ambayo ofisi nzima ilitumia kupitia mtandao. Kompyuta hiyo aliijua. Ilikuwa ya mwalimu Suzanne, aliyekufa kwa homa. Mama yake, Mama Patricia, alipoamua kuitoa kwa shule alimwomba Yannick amtolee kwanza picha za binti yake, kwa sababu hakuwa na nyingine. Yannick alikuwa na haraka. Alifuta kila kitu, akaweka mfumo mpya, Linux, kisha akamwambia mama wa watu kwamba diski ilikuwa imekufa. Mama alimshukuru, hata akamletea samaki kutoka ziwani. Tangu hapo Yannick akimwona sokoni alikata njia.

Sasa Linux iliiona imprimante, lakini baada ya ukurasa ule mtupu kila alichotuma kilikwama kwenye foleni. Alibadilisha pilote, programu ya kuiendesha, akaandika anwani ya imprimante mwenyewe, akawasha upya huduma ya uchapaji. Foleni ikafunguka. Ilikuwa na kazi za kuchapa ambazo yeye hakutuma, na jina la mtumaji lilikuwa Suzanne.

Alimwita karani, Zacharie, kwa sauti ya chini.

"Kuko mutu mwengine anatuma kazi?"

"Hapana. Ni mimi na weye tu."

Yannick akazifuta. Zikarudi. Akachomoa waya wa mtandao, akachomoa na wa umeme, na imprimante ikaendelea kuvuta karatasi taratibu, moja baada ya nyingine, huku harufu ya maji ya ziwa na samaki wa moshi ikijaa chumbani, na kwenye kila karatasi iliyoanguka alikuwapo Suzanne, mlangoni kwao, jikoni, kando ya kitanda chake, akimtazama yeye Yannick kana kwamba alikuwa amemngoja muda mrefu.

Akampigia simu Mama Patricia. Alipofika, Yannick alipiga magoti na kumweleza yote, uongo wa diski pamoja na samaki aliokula. Zacharie, aliyekuwa katekista, alinyunyiza maji ya baraka akisali, mpaka imprimante ikanyamaza.

Mama hakumgombeza. Aliokota karatasi, akazitazama moja moja.

"Nyumba ni yetu," alisema. "Robe hii amevaa ni ya Suzanne. Lakini huyu haiko Suzanne. Mutoto yangu alikuwa anafungaka macho kila picha. Huyu anaangalia."

Akamgeukia Yannick.

"Ulipofuta picha, ulimufukuza mwenye nyumba, ukaacha mulango wazi. Kitu ingine njo kiliingia."

Yannick alimsihi waende wazichome nyuma ya shule. Mama alikuwa tayari anazifunga ndani ya kitenge chake.

"Mama, usibebe ile."

"Nitabeba nini basi?"

Mama alitoka na furushi limekumbatiwa kifuani. Alipofika barabarani walimsikia akiita jina la binti yake, polepole, kisha akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akaendelea kutembea.