Kanisa Lipi?

Kila asubuhi Rosalba alimshika mkono mdogo wake, Cosimo, wakateremka pamoja hadi shuleni. Kwao Serralba ni mji mdogo wa milimani, kusini mwa Italia, ambako ufunguo huachwa mlangoni kwa nje na kila bibi anayeketi barazani anajua wewe ni mtoto wa nani. Rosalba alikuwa na miaka kumi na miwili, Cosimo sita. Kazi ya kumshika mkono ilimchosha, wala hakuficha.

Wakati wa likizo, mama yao, Immacolata, aliwapeleka Roma kutembea. Waliposhuka kwenye treni akawapa agizo lile lile wanalopewa watoto wa Serralba siku ya sikukuu ya mtakatifu wao, mji unapofurika watu: atakayepotea aende akasimame mlangoni pa kanisa. Rosalba aliitikia tu. Msichana mkubwa kama yeye apotee?

Karibu na adhuhuri walifika kituo cha basi kando ya mto. Mama alivuka barabara kununua maji. Aliwaambia wasibanduke hapo, na hasa wasiwasogelee wale wanaume waliokuwa darajani wakichezesha vikombe vitatu juu ya boksi, maana ni matapeli.

Lakini watu darajani walikuwa wakishangilia. Rosalba akasema moyoni kwamba atachungulia mara moja tu, akamvuta Cosimo mpaka kwenye lile kundi. Mwanamume mmoja alikuwa akishinda kila mara, na Rosalba, masikini, hakujua kwamba naye ni mmoja wa wale matapeli. Akauachia mkono wa Cosimo ili atoe simu apige picha.

Ghafla mtu akapiga mluzi. Polisi walikuwa wanakuja. Boksi likatupwa, vikombe vikabiringika, na kila mtu mguu niponye. Rosalba alisukumwa akaangukia ukingo wa daraja. Aliposimama, Cosimo hakuwepo.

Aliita mpaka sauti ikamkauka. Akarudi kituoni mbio, akamkuta mama ameshika chupa za maji.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Tulikuwa hapa hapa," Rosalba akajibu. "Nimegeuka tu, sikumwona."

Mama aliziacha chupa zianguke. Aliuliza kila aliyekuwa kituoni, na hakuna aliyemwona mtoto. Askari wa kike akaja, Loredana jina lake, akataka kujua mtoto amevaa nini na ameonekana wapi mara ya mwisho. Mama akasema ni pale pale kituoni. Kisha akakumbuka agizo lake, akasema Cosimo atakuwa amekwenda kanisani.

"Kanisa lipi, mama?" askari akauliza taratibu.

Mama akainua macho. Upande huu wa mto aliona minara mitatu, na ng'ambo mingine miwili.

Walianza na kanisa lililo jirani na kituo. Hayupo. Wakaenda la pili, hayupo. Mama alilia huku akisali. Rosalba aliyafikiria maji ya mto, akayafikiria magari, akamfikiria mtu asiyejulikana amemshika Cosimo mkono. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo aliyekuwa akiumia njiani si mwongo, ni mdogo wake.

Askari akamtazama. "Binti, tukitafuta mahali asipokuwepo, mtoto anazidi kwenda mbali. Una neno?"

"Si hapa," Rosalba akasema, machozi yakimtoka. "Ni kule darajani. Tulikwenda kutazama vikombe. Nilimwachia mkono."

Mama alikuwa ameshaanza kukimbia.

Ng'ambo ya daraja kulikuwa na kanisa dogo, mlango umefungwa kwa saa za chakula cha mchana. Barazani hapakuwa na mtu. Halafu wakasikia kwikwi nyuma ya nguzo. Cosimo alikuwa amejikunyata pale, suruali imelowa mkojo.

"Watu wengi wamepita," akasema akiwa kifuani kwa mama. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi mtoto wa nani."

Askari aliwaeleza kwamba katika mji mkubwa aliyepotea abaki pale pale alipopotea, au amwendee mtu mwenye sare, wala asifuatane na mtu mwingine. Mama akakiri kosa lake: agizo la Serralba alilibeba kana kwamba Roma nayo ina kanisa moja. Akaomba kalamu, akamwandikia Cosimo namba ya simu mkononi.

"Niliogopa utanigombeza," Rosalba akanong'ona.

"Ningekugombeza, na bado nitakugombeza," mama akasema. "Lakini kugombezwa kuna mwisho, mwanangu. Tungemkosa huyu, msiba huo ungeishia wapi?"