Kilichozidi Upande wa Kulia

Ukurasa ulikuwa unacheza. Si sana, upana wa ukucha tu: ukiugusa kwa kidole uliteleza kushoto, ukaacha mchirizi mweupe upande wa kulia, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu.

Fundi wa tovuti alikuwa ameutengeneza kwa ajili ya shule moja ya chekechea. Kwa kuwa walimu walikuwa wanamzungusha kuhusu picha, aliweka kwa muda picha ya binti yake wa miaka sita, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Sasa alikuwa anaufungua ukurasa huo katika vivinjari vitano, zile programu za kufungulia tovuti, maana kila kivinjari kina ukaidi wake: hiki kinanenepesha herufi, kile kinasukuma picha chini. Vinne vilitii. Cha tano, kilichokuwa kwenye simu kuukuu ya mkewe, ndicho kilichocheza.

"Kuna kitu kimetokeza nje ya ukurasa," alimwambia Miwani, aliyeshirikiana naye ofisi.

"Ficha kinachozidi, bwana. Mstari mmoja tu wa maagizo, umemaliza. Nani atajua?"

Lakini fundi alikuwa mtu wa kujisumbua. Alizungushia kila kitu mstari mwekundu, kama mafundi wafanyavyo wakitafuta kinachovuka mpaka. Vyote vilikaa ndani. Alipousogeza ukurasa, kwenye ule weupe pakatokea kisanduku chekundu, chembamba na kirefu, ambacho hakukiandika yeye. Na Chiriku wa pichani, aliyepigwa picha ameketi kitini, mikono ikiwa magotini, kwenye simu ile alikuwa amenyoosha mkono kukielekea.

Fundi alikwenda nyumbani mchana ule ule, simu ile mkononi. Chiriku alikuwa sebuleni, ameegemea ukuta wa kulia, kimya. Chiriku, kimya! Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Mkono wangu una baridi, baba," alinong'ona. "Ananivuta. Lakini pole pole."

"Nani, mwanangu?"

"Kaniambia nisimwangalie."

Fundi hakuamini, akaugusa ukurasa na kuusogeza kidogo tu, na mbele ya macho yake nyayo za mtoto zikaburuzika sakafuni mpaka bega likagonga ukuta. Mkewe akapiga yowe mlangoni, "Fanya kitu, baba Chiriku! Si kazi yako hiyo?" na yeye akafungua kompyuta na kuandika, kati ya yote ambayo angeweza kuandika, mstari ule mmoja wa kuficha kinachozidi, akauhifadhi, akaufungua ukurasa upya kwenye simu, akauona umetulia tuli, akashusha pumzi, akageuka kumkumbatia mwanawe, na pale ukutani hapakuwa na mtu.

Kwenye simu, kiti kilikuwa kitupu. Kwenye vivinjari vingine vinne Chiriku bado alitabasamu, na hilo ndilo lililomliza fundi zaidi.

Aliufuta ule mstari. Weupe ulirudi, safari hii hauna mwisho. Walisogeza kwa zamu, yeye na mkewe, mpaka vidole vikachubuka, na hawakufika popote. Ila wakiweka sikio ukutani walimsikia mtoto akiongea, mbali, bila kupumzika, kama ilivyokuwa kawaida yake.

Walimwita mganga, mama mmoja aliyewahi kutoa majini mengi. Aliishika simu, akairudisha haraka.

"Ninaowatoa mimi wameingia ndani ya mtu," alisema. "Huyu hajaingia kokote. Yuko nje, na mtoto mmemtoa ninyi wenyewe."

"Basi tufanyeje, mama?"

"Sijui, baba. Najua tu kwamba mlango ndio huo. Mkiufunga, mmemfungia huko."

Akaondoka. Hakutaka hata nauli.

Basi ukurasa ukaachwa wazi, na picha ile ile, hata baada ya walimu kuleta picha zao. Siku ya tisa fundi alipigiwa simu, akaiweka kwenye spika. Aliyepiga alikuwa mama wa mtoto mmoja wa chekechea, na alizungumza kwa sauti ya chini sana.

"Samahani, ndugu yangu. Ukurasa wa shule, kwenye simu yangu unateleza pembeni. Mwanangu anauchezea tangu asubuhi. Sasa anasema kuna msichana humo anamwita, anamwambia huko aliko hana wa kuongea naye. Naogopa. Tafadhali, ufunge."

Fundi alimtazama mkewe, aliyekuwa amebandika sikio ukutani na machozi yakimtiririka. Mkewe alikuwa amesikia kila neno.

"Usiufunge," alinong'ona. "Nakuomba. Anacheka. Leo kwa mara ya kwanza anacheka."

Kwenye simu yule mama alikuwa bado anangoja, na nyuma yake sauti ya kitoto ilikuwa inamjibu mtu.

"Ni kivinjari chako tu, mama," fundi alisema. "Kwenye vingine ukurasa uko sawa."

Akakata simu kabla yeye mwenyewe hajalia.