Dungusi la Marehemu Lempi

Udongo ulikuwa wa moto. Aune alikuwa analihamishia dungusi la Krismasi la marehemu mama yake kwenye chungu kipya, pale dirishani ambapo barafu ilikuwa bado haijayeyuka, na mizizi ikamchoma vidole kama viazi vilivyoepuliwa sasa hivi. Kisha humo udongoni kitu kikakohoa.

Nani kijijini kwetu asiyekijua kikohozi kile? Lempi alitukoholea kanisani miaka yote, akafa nacho Januari.

"Mama?" Aune alinong'ona. Na badala ya kukimbia, jamani, akalia kwa furaha.

Kufikia Jumapili dungusi lilichanua, na msimu wake wa Krismasi umeshapita. Nyumba ikanuka kahawa ambayo hakuna aliyeipika. Ndipo Saimi, binti mdogo wa Aune, akaanza kukohoa kikohozi kilekile cha kizee.

Aune akamwita Hilja, bibi anayeumika watu kwa pembe saunani, kwenye kibanda cha kuogea mvuke. Hilja hakumgusa mtoto. Alitazama dirisha, na zile karatasi tunazobandika kwenye nyufa kuzuia baridi.

"Lempi alipokata roho, ulimfungulia dirisha apite?"

"Bi Hilja, baridi ile! Na karatasi tulishabandika. Nikasema nitafungua zikibanduliwa..."

"Loo, mtoto wewe! Roho ikungoje mpaka Mei? Imejibanza kwenye ua lake, na sasa inavuta pumzi ya mtoto. Mtoe."

"Nimtoe mama yangu kwenye theluji?"

"Au umzike Saimi. Chagua."

Aune alizibandua karatasi kwa kucha huku akilia, akafungua, na ule moto wa chungu, na harufu ya kahawa, na kikohozi alichokionea aibu usichana wake wote na ambacho sasa angetoa ng'ombe wake wote akisikie tena, vyote vikampita shavuni vikaenda zao juu ya ziwa lililoganda. Maua yakapukutika. Saimi akalala, akipumua vizuri.

Hilja alipoondoka, Aune alitia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa kipande cha dungusi alichokuwa amekikata na kukificha kabla hajafungua. Kipande kimoja tu. Akakitia kwenye glasi ya maji, akaificha kabatini nyuma ya vikombe.

"Nisamehe, mama. Nimeshindwa kukuacha uende."

Kabatini kukakohoa, taratibu. Na chumbani Saimi akaitikia.