Samaki Ndani ya Mtumbwi wa Rubisi

Siku hizo, pale Nyaishozi, Mzee Pastory hakuanza kazi kabla ya kuwaona samaki wake. Alikunywa chai, akachukua bakuli la machicha ya rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, akashuka bondeni kwenye bwawa. Alipomwaga konzi ya kwanza, perege walikuja juu wakigombana.

"Wewe mnene, waachie wenzako!" aliwaambia, kama babu anayegawa chakula kwa wajukuu.

Alikaa pale mpaka jua limchome. Magugu ya shambani yangemngoja. Xaveria, mke wa mwanawe, alishazoea.

Bwawa lile Pastory alilichimba na mkewe, Eugenia, mwaka 1980. Vita ilikuwa imekwisha, na dukani hata sabuni ilikuwa adimu. Watu waliwacheka. Nani anafuga samaki kama kuku? Eugenia hakuwajali. Alitembea kutwa nzima hadi kwenye bwawa la misheni, akarudi na perege wadogo arobaini ndani ya chungu kichwani. Kila alipokuta chemchemi alisimama, akawabadilishia maji.

Eugenia alifariki mwaka 1986. Alikuwa mwanamke wa vicheko, na nyumba ilipoa sana baada yake. Tangu hapo Pastory hakutaka mbegu nyingine ya samaki. Wote waliokuwa bwawani walikuwa uzao wa wale arobaini.

Mwaka 1989 kahawa ikapata ugonjwa wa kutu ya majani. Bwana shamba akaja kijijini. Akawaonyesha wakulima namna ya kuchanganya mrututu, ile dawa ya buluu, na kuipulizia kwenye mibuni. Alisema maneno mawili ambayo Pastory aliyashika sana. Kwanza, baada ya kazi bomba la kupulizia lioshwe kwa maji mengi, lisije likaziba. Pili, lisioshwe mtoni, kwa sababu watu wa chini wanachota maji ya kunywa.

Pastory alikuwa mtu wa kusikia. Hakutaka kumdhuru jirani. Basi alipomaliza kupulizia, aliupita mto na bomba lake mgongoni, akaenda kuliosha katika bwawa lake mwenyewe. Maji mengi yapo, na hakuna anayeyanywa. Alilisuuza mara tatu. Alirudi nyumbani ameridhika, maana alikuwa amemfikiria kila mtu. Samaki tu ndio hakuwafikiria.

Kesho yake perege hawakuja kula. Walikuwa wameelea juu, wakihema, vinywa wazi. Siku ya pili, asubuhi, bwawa lilijaa matumbo meupe. Hata konokono walikuwa wamekufa kwenye mawe.

Pastory alikaa chini kwenye tope na suruali yake nzuri. 

Mbonimpa, jirani aliyekuwa akilima kibarua kwa watu, alifika na kikapu.

"Poleni sana, mzee," alisema. "Lakini samaki hawa bado wabichi. Tusiwaache waoze bure."

"Hapana, baba," alijibu Xaveria. "Hatujui kilichowaua. Kikiwa kimo ndani yao, kitaingia ndani ya watoto wako."

Mbonimpa alikitazama kikapu chake, kisha akakivaa kichwani kama kofia. "Umesema kweli," alisema.

Elpidius, mume wa Xaveria, alikuwa mtu wa haraka.

"Tata, bwawa limekwisha," alimwambia baba yake. "Tulifukie, tupande magimbi."

"Lifukieni," alisema Pastory kwa sauti ndogo. "Sitaki kuliona tena."

Xaveria aliingia majini mpaka magotini, akachungulia kwenye kona ambako maji ya chemchemi yaliingilia.

"Tata, hapa kuna ambao bado wanapumua!" aliita. "Utawafukia wakiwa hai? Hawa ni wa Mama."

Pastory aliinua uso.  "Elpidius," alisema, "chukua baiskeli. Nenda Kayanga ukamlete Bwana Samaki."

Bwana Samaki alikuwa mtaalamu wa serikali wa ufugaji wa samaki. Jina lake Cassian, mtu wa Muleba, na pikipiki yake ilisikika kabla hajaonekana. Alifika mchana ule ule.

"Shikamoo, Ta Pastory."

"Marahaba, mwanangu. Umekuta msiba."

Cassian hakukimbilia kutoa dawa. Alizunguka bwawa polepole. Aliokota konokono, akamtazama, akamtupa. Kisha akauliza, "Wiki hii ni kitu gani kimeingia katika maji haya?"

"Machicha tu, kama siku zote."

"Na ile buluu iliyokauka kwenye jiwe lile?"

Pastory aliitazama.  "Niliosha bomba la mrututu pale," alisema. "Nilikataa kuliosha mtoni. Watu wanakunywa yale maji."

"Kuukwepa mto ulifanya vyema," Cassian alisema. "Lakini mrututu una shaba ndani yake, Ta Pastory. Shaba ni madini. Kwenye jani la kahawa, inaua ugonjwa. Ikiwa nyingi ndani ya maji, inaunguza mashavu ya samaki, yale anayopumulia. Anakufa kwa kukosa pumzi, na maji yamemzunguka."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewaua."

"Hukujua."

"Niliwaua," Pastory alirudia. "Samaki wa Eugenia."

Mwanamume mzima akalia mbele ya mgeni. Xaveria aliangalia pembeni ili asimwaibishe, naye machozi yakamtoka.

Cassian alikunja suruali yake mpaka magotini. Kisha akasema, "Tuwatoe waliobaki. Nipeni chombo kikubwa. Kisiwe pipa la chuma wala sufuria ya shaba. Wameshachoka na madini."

Walitazamana. Ndoo za plastiki zilikuwa mbili tu, ndogo. Pastory akafuta uso. "Upo mtumbwi wa rubisi," alisema.

Huo ulikuwa gogo kubwa lililochongwa, ambamo ndizi mbivu hukamuliwa pombe. Pastory hakuwa akimwazima mtu mtumbwi ule, hata ndugu. Siku hiyo aliusugua kwa majani na maji matupu, mara saba, bila sabuni. Wakaujaza maji ya chemchemi. Wakawaokota perege kwa mikono, mmoja mmoja, wakawahesabu. Ishirini na watatu.

Hapo ndipo kijiji kilipopata habari ya kuchekea. Jioni wazee walikuja na mirija yao kama kawaida, wakakuta samaki.

"Pastory, pombe yetu ina macho!"

"Mwezi huu hakuna rubisi," alijibu. "Nendeni mkanywe maziwa."

Kila siku Xaveria alitoa robo ya maji ya mtumbwini, akaongeza mapya ya chemchemi. Cassian alikuwa amemwonya asibadilishe yote kwa mara moja, samaki wasije wakashtuka. Hata hivyo wanne walikufa katika siku tatu za kwanza. Pastory alilala vibaya siku hizo. Kisha vifo vikakoma.

Wakati huo huo walishughulikia bwawa.

"Tufungulie maji yaende mtoni?" aliuliza Elpidius.

"Tukifanya hivyo tutamtumia jirani shaba yetu," Cassian alisema. "Dawa nyingine huoza na kuisha. Shaba haiozi. Tukiiacha, itakaa kwenye tope miaka."

Walifunga mfereji wa kuingizia maji. Cassian alikoroga chokaa kwenye maji, kidogo kidogo, akiwa amefunga kitambaa usoni. Alieleza kwamba chokaa huifanya shaba igande kama unga na kuzama chini. Baada ya siku mbili maji yalikuwa yametulia. Waliyateka kwa ndoo, wakayamwaga kwenye shimo walilolichimba mbali na mto, mahali ambapo ng'ombe hawalishwi. Baadaye wakakwangua tope la chini, kina cha kiganja, wakalifukia kwenye shimo lilo hilo.

Mbonimpa alikuja kusaidia bila kuitwa. Pastory naye aliingia na karai, ingawa Elpidius alimkataza.

"Niache," alisema. "Kona hii alichimba mama yako. Mikono yake ilitoka malengelenge, na bado alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa nimechoka, nikamwambia tuache. Akaniambia, wewe pumzika, mimi nitakuamsha watakapokuwa wameshazaliana."

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba ule wa samaki.

Walijaza maji mapya, wakatia samadi kidogo, wakasubiri wiki mbili. Halafu Cassian akawatia perege watatu ndani ya tenga, akalizamisha upande wa lile jiwe la buluu.

"Kwa nini usiwatie wote?" aliuliza Xaveria.

"Tukikosea, tupoteze watatu, tusipoteze wote."

Siku ya pili mmoja alikufa. Wawili walikuwa wakihema.

Pastory aliwatoa upesi, akawarudisha mtumbwini. Alirudi bwawani, akalionyesha lile jiwe kwa kidole. Kisha akasema, "Ni pale niliposuuzia. Niliegemeza bomba pale pale, mara zote tatu. Tope la pale lina shaba nyingi kuliko kwingine."

"Basi tumefanya haraka," Cassian alikiri. "Kosa ni langu."

Wakayatoa tena maji. Wakachimba kando ya lile jiwe mpaka kina cha mkono mzima. Lile jiwe la buluu wakalitoa, wakalifukia. Wakarudia chokaa, wakajaza maji, wakasubiri wiki tatu. Safari hii tenga lilikaa majini siku saba, na perege wawili walikula machicha yaliyoombwa kwa jirani mpaka yakaisha. Konokono mmoja, aliyetoka hakuna anayejua wapi, alikuwa akipanda ukingoni. Cassian alifurahi kumwona kama mtu aliyekutana na shemeji.

Perege kumi na wanane walirudi bwawani. Elpidius aliuosha mtumbwi, na wazee wakarudi na mirija.

Msimu uliofuata, kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa, Pastory aliomba kusema. Alisimama na kofia mkononi.

"Mwaka jana niliua samaki wangu mwenyewe," alisema. "Nisikilizeni ili msifanye kama mimi. Mrututu usiupulizie karibu na maji. Acha hatua ishirini au zaidi. Bomba usilioshe mtoni, wala bwawani, wala kisimani. Lisuuze shambani, na yale maji ya kusuuzia yapulizie kwenye mibuni ile ile. Dawa irudi ilikotoka."

Aliketi, akavaa kofia yake. Mbonimpa alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Mwezi wa tano, mwaka 1990, Xaveria alimwita Pastory kwa kelele bondeni. Ukingoni, kwenye maji ya jua, kulikuwa na wingu la samaki wadogo kama mbegu za ulezi. Kivuli cha mzee kilipowafikia, waliogopa. Mama yao akafungua kinywa, na wote wakaingia ndani yake.

"Wamezaliana," Pastory alisema. Akarudia, kana kwamba kuna mtu wa kuamshwa. "Wamezaliana!"

Mwaka uliofuata kaya sita zilichimba mabwawa na kuomba mbegu kwake. Cassian alikuja na daftari la kuandikisha mabwawa yanayotoa mbegu ya samaki wilayani.

"Jina la mwenye bwawa?" aliuliza, kalamu tayari.

"Eugenia."

Cassian alisita. "Ta Pastory, Ma Eugenia si alishatutoka?"

"Alishatutoka," alisema Pastory. "Andika. Mimi niweke chini yake, mlisha samaki."

Cassian akaandika hivyo hivyo.