Mkanda wa Kiti cha Abiria

Ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni. Nina hakika, kwa sababu niliangalia saa nikamwambia kaka afanye haraka, giza likiingia hatutaona kutu.

Tulikuwa uani kwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mjane, mwembamba kama ufito. Mbele yetu lilisimama gari la kispoti la milango miwili, la kijani iliyokoza, boneti ndefu, lililotuzidi umri sote wawili. Halikuwa na kiti cha nyuma. Kaka alikuwa akilitafuta gari la aina hiyo tangu akiwa na miaka kumi na miwili, alipobandika picha yake juu ya kitanda. Tangu baba afariki, sikuwa nimemwona akicheka. Jioni ile alicheka mpaka gego likaonekana.

"Mkaguzi, hujamaliza tu?" aliniuliza. Ndilo jina alilonibandika nyumbani. "Hata bibi harusi hakaguliwi hivi."

Sikuwa nimemaliza. Mkanda wa kiti cha abiria ulikuwa umefungwa. Kiti ni kitupu, lakini mkanda umepita kifuani na kiunoni, umekaza kabisa, na kifungio chake kimeshonwa kwa uzi mweusi mnene. Nilihesabu mafundo saba.

"Huo ni mbovu," alisema mwalimu, bila kuutazama. "Haufunguki. Uacheni hivyo hivyo."

"Sasa abiria atakaaje, mama?"

"Marehemu mume wangu hakuwa anabeba abiria."

Akampa kaka ufunguo, akaingia ndani. Nikasikia komeo la juu, kisha la chini. Hakutaka hata kuliona gari likiondoka.

Kaka alitaka mabadiliko madogo tu: usukani uvishwe ngozi, taa za mbele zibadilishwe, viti vishonwe upya. Mimi nilitaka jambo moja, mikanda mipya. Mimi ni mtu wa hofu, sikatai. Nilipokuwa mtoto nilikuwa siketi kwenye bembea kabla ya kuuliza kamba ina umri gani. Nikamwambia kaka kwamba sipandi gari lenye kiti kisicho na mkanda, na mama yetu pia hapandi. Alikubali ili ninyamaze.

Fundi wa viti tulimwita Sindano. Ijumaa asubuhi nilisimama nyuma yake alipokuwa akiukata ule mkanda kwa mkasi wake mkubwa. Ulipokatika haukulegea...

Uliruka, kama ugwe wa upinde.

Kisha sponji ya kiti ikainuka. Polepole. Kama inavyoinuka mtu akisimama.

Sindano alicheka. "Springi za zamani hizo, dada. Nazo zinapumua." Lakini chakula chake cha mchana hakukigusa, na kile kiti alikitoa akakishonea nje, kwenye jua.

Kabla hatujalichukua gari nilimwomba atie grisi kwenye reli ya kiti cha dereva. Reli ile ina meno tisa, ambayo hukizuia kiti kisiteleze. Kaka ni mfupi, anakaa jino la tatu kutoka mbele. Nililitia alama ya rangi nyeupe, nikaridhika.

Jumamosi gari lilifika nyumbani. Jumapili asubuhi kiti kilikuwa kwenye jino la nne.

"Umekisogeza?" nilimuuliza kaka.

"Nikisogeze nyuma ili nikanyagie nini, magoti?"

Jumatatu, la tano. Jumanne, la sita. Kila asubuhi kioo cha kutazama nyuma kilikuwa kimeinuliwa, kama kwa mtu mrefu. Na kulikuwa na harufu. Harufu ya nguo zilizonyeshewa mvua, zikakaushwa kwenye chumba kisichofunguliwa madirisha. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tatu.

Kaka naye alibadilika. Aliacha kunitania. Akirudi kazini alikuwa akibaki ndani ya gari, taa zimezimwa, mikono juu ya usukani. Jumatano mama alitoka kumwita.

"Mwanangu, chakula kinapoa."

"Bado hatujafika," kaka alijibu.

Mama alirudi ndani akicheka, eti kazi zinamchosha kijana wake. Mimi sikucheka. Hatujafika, yeye na nani?

Alhamisi, jino la nane. Jioni, saa kumi na mbili na dakika tano, nilimpigia simu mwalimu. Nilijitambulisha.

"Mmeufungua," alisema.

"Tumeukata, mama. Mimi ndiye niliyeagiza."

"Marehemu alimpa mtu lifti. Jioni kama hii, mvua inanyesha. Alipofika hapa nyumbani akazima gari, akazunguka kumfungulia mlango." Sauti yake ikashuka hadi kuwa mnong'ono. "Hakushuka."

"Hakushuka kivipi?"

"Kitini hapakuwa na mtu, binti yangu. Lakini kiti kilikuwa kimebonyea, na maji yanachuruzika. Tukamfunga mkanda, tukaushona. Aliyefungwa hukaa alipo. Asipofungwa, anataka kiti cha pili. Mwanangu wa pekee aliufungua. Wakamkuta darajani, kwenye nguzo, siku ya saba. Kiti cha dereva kimerudi nyuma mpaka mwisho. Gari likatengenezwa, nami nikaushona tena mkanda."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia, mngelichukua?"

Nilihesabu kwa vidole. Ijumaa hadi Alhamisi. Siku saba.

Nje, injini ikanguruma.

Nilikimbia pekupeku. Kaka alikuwa ameshatoka getini. Nikafungua mlango wa abiria likiwa linatembea, nikajitupa ndani. Hakunitazama. Tulipita duka la vyuma, tukapita shule, tukashika barabara ya mtoni.

"Kaka, simama."

"Karibu tutafika."

"Kaka, ni mimi. Mkaguzi."

Midomo yake ilitikisika, lakini jina langu halikutoka. Ile harufu ya nguo mbichi ilinijaa puani.

Tk.

Kiti chake kilirudi nyuma. Jino la tisa.

Nilitazama chini, nione anakanyaga nini.

Miguu ya kaka ilikuwa inaning'inia.

Haikugusa chochote. Pedali ya mafuta ilikuwa imebonyea hadi sakafuni, peke yake. Na mgongo wake haukuegemea kiti. Kati yake na kiti palibaki nafasi, unene wa kifua cha mtu. Kaka alikaa kama mtoto aliyepakatwa.

Mbele yetu taa mpya zilimulika nguzo za daraja. Nyeupe. Zinakuja.

Sikuwa na mahali pa kukimbilia. Nilijiteremsha sakafuni, nikajikunja chini ya dashibodi, magoti kidevuni, kiti changu nikakiacha kitupu.

"Kiti hiki ni chako," nilinong'ona. "Karibu, mgeni. Rudi kwenye kiti chako."

Hakuna kilichotokea.

Kisha sponji iliyo juu ya kichwa changu ikashuka. Tone moja la maji likaniangukia shingoni. Lilikuwa la baridi.

Nilinyoosha mkono, nikavuta mkanda mpya, nikaupitisha juu ya kitu nisichokiona. Ulikataa kulala bapa. Ulipinda, ukafuata bega, ukafuata tumbo. Nikakibana kifungio mpaka kikalia, halafu nikavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Gari lilipiga yowe, likayumba, likazima.

Kutoka boneti mpaka nguzo ya kwanza palikuwa na hatua nne. Nilizipima.

"Mkaguzi..." Kaka alikuwa akinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Viatu vyako viko wapi?"

Tulilifunga gari pale pale kando ya daraja, tukarudi nyumbani kwa miguu, nimemshika mkono kama zamani tukienda shule. Nilidhani yamekwisha. Lakini usiku nililala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, na kila nilipoanza kusinzia nilimsikia akisema usingizini, taratibu, bila kuchoka:

"Hatujafika... hatujafika..."

Asubuhi, saa kumi na mbili na robo, nilichukua ufunguo mfukoni mwa suruali yake. Nikachukua sindano nene ya kushonea magunia na uzi mweusi. Nilikuwa nimeamua kufunga mafundo saba, na juu yake mengine saba.

Gari lilikuwa palepale. Vioo vyote vilikuwa vikavu, isipokuwa cha upande wa abiria. Hicho kilikuwa na ukungu, kwa ndani, kwenye kimo cha mdomo wa mtu mrefu.

Nilifungua mlango wa dereva, nikakaa. Mkanda ulikuwa umekaza kama nilivyouacha. Ulikuwa ukipanda kidogo, ukishuka kidogo. Nikajaribu kutunga uzi mara tatu kabla haujaingia. Nikachoma sindano kwenye mkanda, karibu na kifungio.

Mkanda ukaacha kupanda. Aliyekuwa ndani yake alikuwa ameshika pumzi. Kama ninavyoshika mimi kwa daktari, nikisubiri kudungwa.

Niliichomoa sindano.

Nilimfikiria kaka kitandani, midomo yake inavyotikisika. Nikamfikiria mtu aliyelowa mvua, akisimamisha gari barabarani jioni, akafungiwa uani kwa watu miaka yote hiyo. Kisha nikauliza swali ambalo nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Samahani," nilisema. "Ulikuwa unakwenda wapi?"

Mto ulikuwa unapita chini ya daraja. Ndege mmoja akalia, akaacha.

Halafu kwenye dashibodi, ufunguo ukiwa bado mkononi mwangu, kijishale cha kijani kikaanza kuwaka na kuzimika. Indiketa ya kushoto.

Tk. Tk. Tk.

Kushoto, kabla ya daraja, kuna barabara ya vumbi ambayo sikuwahi kuiona ikitumika. Nina leseni, lakini sijawahi kuendesha zaidi ya kilomita arobaini kwa saa.

Nilisogeza kiti changu mbele hadi miguu yangu ikafika vizuri. Nikafunga mkanda wangu. Nikawasha gari, nikakata kushoto.