Dumu la Asali Katikati ya Lambo

Kila siku ya treni, Tunu alikuwa na kazi moja tu: kuosha dumu la asali la shangazi yake, Minza. Shangazi alirina asali porini, na abiria waliinunua treni iliposimama stesheni ya Tura. Tunu alitakiwa achote maji ya lambo, aoshee ukingoni. Lakini wapi! Siku hiyo alilifunga dumu tupu kifuniko, akalielekeza majini kama meli. Upepo ukalisukuma hadi katikati, penye kina, kisha ukatulia.

"Mawimbi yatalirudisha," alimwambia rafiki yake Kashindye, akaanza kutupa mawe nyuma ya dumu. Chubwi! Mawimbi yakaja mpaka ukingoni, yakamlowesha miguu. Dumu likapanda, likashuka, likabaki palepale. Chubwi! Palepale.

"Njoo basi! Dumu gani wewe?" akafoka, karibu kulia.

"Utamaliza mawe yote ya Tura," Kashindye alisema. "Kamwambie shangazi. Treni inafika saa tisa."

"Nimwambie nini? Ataniua!"

Akatupa mawe saa nzima, bega likauma. Alipokunja sketi aingie majini, Kashindye akamdaka mkono. "Hujui kuogelea, Tunu! Una wazimu?"

Tunu akaenda nyumbani shingo upande.

"Shikamoo, shangazi."

"Si tumeamkiana asubuhi? Dumu liko wapi?"

Tunu akasema yote. Shangazi akashusha pumzi, akachukua kamba ndefu ya kupandishia mizinga mtini. Wakarudi lamboni, wakasimama kila mmoja ng'ambo yake, wakaikaza juu ya maji na kutembea, hadi kamba ikalileta dumu ukingoni.

Shangazi akafunga kitambaa katikati ya kamba. "Shika ncha hiyo," akasema, akaitikisa ncha yake mara moja. Wimbi likakimbia kwenye kamba, likampiga Tunu mkononi.

"Kitambaa kimekuja kwako?"

"Hapana. Kimepanda, kikashuka."

"Basi na maji ni hivyo hivyo. Wimbi linasafirisha nguvu tu, maji yanabaki mahali pake. Nguvu ya mawe yako imekulowesha miguu, dumu limebaki kulekule. Mtoto wewe! Saa nzima unapiga maji mawe. Na kuniambia ukweli kumekuchukua muda gani?"

Tunu akainama. "Dakika moja, shangazi."

"Haya, osha upesi, treni bado haijafika. Siku nyingine uanze na hiyo dakika moja."