Sauti ya Mama Imefungwa

Kishikwambi kilikohoa saa nane mchana, mama akiwa amelala.

Binti yake, fundi cherehani, aliondoa mguu kwenye pedali, akatega sikio. Kikohozi kilikuwa cha mama, kile kikavu alichokuwa nacho kabla ya operesheni ya koo. Lakini mama hakurekodi kikohozi. Alirekodi maneno. Wiki mbili nzima alikaa mbele ya kile kidude akisoma sentensi mia sita, ili madaktari wakishamaliza kazi yao kooni, programu imsemee kwa sauti yake mwenyewe. Na programu haikuokotwa. Ilinunuliwa kihalali, risiti yake iko ndani ya kopo la vifungo hadi leo.

Mtaani mama aliitwa Kengele. Alifundisha chekechea miaka thelathini, na akisema "kaeni chini", hata mbwa wa jirani walikaa. Siku hizi mikono ilimtetemeka, kalamu haishikiki, lakini kidole kimoja kilitosha kubonyeza herufi kwenye kioo na Kengele akasikika tena nyumba nzima, akilalamika kuhusu chumvi.

Alipoamka alivuta kishikwambi haraka, akabonyeza.

"Mwanangu," kikasema kwa sauti yake, "usimpe..."

Kikakata. Kioo kikawa cheupe, yakatokea maandishi: *Thibitisha kwamba wewe ndiye mwenye sauti hii. Sema jina lako.*

"Nisimpe nani, mama? Nisimpe nini?"

Mama alibonyeza na kubonyeza. Kioo hakikumsikia.

Binti alipiga simu kwenye kampuni. Alisubirishwa na muziki mpaka sikio likapata moto, ndipo akajibiwa na kijana mpole sana.

"Nahitaji kuongea na mwenye akaunti mwenyewe."

"Hawezi kuongea, kaka yangu. Ndiyo maana alinunua."

"Naelewa, dada. Lakini kwa usalama wake ni lazima aongee. Mfumo unalinganisha sauti."

"Sauti yake si mnayo nyinyi huko ndani?"

"Ndiyo tunayoilinda, dada. Nikusaidie na lingine?"

Lingine! Binti alikata simu akalia kwa hasira, mama akimpapasa mgongo. Kisha mama akafanya jambo ambalo binti hakulielewa: alimwekea kiganja mdomoni na kukibana pale, akitikisa kichwa.

"Sawa, mama, sitalia tena," alisema binti, akakiondoa kile kiganja taratibu.

Fundi simu mwenye kibanda pale mtaani aliitwa aje kuona. Alikigeuza kishikwambi, akacheka.

"Dada, mimi programu zangu zote za wizi. Hazijawahi kuniuliza hata hujambo."

"Basi tuwekee hiyo ya wizi."

"Nitaweka, lakini itamsemea kwa sauti ya mtu mwingine. Ya mama imo humu, na humu hapafunguki." Alikisogeza sikioni na kicheko kikakatika. "Hiki kinapumua?"

Wote wakasikia. Pumzi ndefu ilitoka kwenye tundu la spika, na pumzi hiyo ilikuwa na joto, ikanuka dawa ya wodini na mdomo wa mtu aliyelala siku nyingi. Fundi simu alikiweka mezani polepole. Yeye ndiye aliyekwenda kumleta mganga, na hakudai nauli.

Mganga alifika kesho yake asubuhi. Alikaa mbele ya kishikwambi, akafukiza, akauliza kama alivyowauliza majini wote maishani mwake:

"Wewe nani? Umetoka wapi? Unataka nini?"

Kikamjibu kwa sauti ya Kengele, ile ya kuwanyamazisha watoto: "Wewe nani? Umetoka wapi? Nani amekuruhusu?"

Mganga aliongeza ubani, akauliza tena. Alijaribu mara tatu, na mara tatu akaulizwa yeye. Mwishowe alifuta jasho.

"Miaka yote nauliza mimi," alinong'ona. "Mwanangu, huyu hakuja kuvamia. Huyu aliwekwa. Ni zindiko la kulinda mali dhidi ya wezi. Mwizi yeye huling'oa mlangoni akapita zake. Anayenaswa ni mwenye mali, maana ndiye anayeingia kwa mlango."

"Basi mtoe, baba. Nakuomba."

"Zindiko hulitoa aliyeliweka. Unamjua?"

Binti alimkumbuka yule kijana mpole. Mganga alikusanya vitu vyake, na mlangoni akageuka. "Kikikuuliza, usijibu."

Siku nne zilipita bila sauti ya Kengele. Mama aliacha kula. Alikaa akitazama kioo, machozi yakimshuka bila sauti yoyote, na kulia bila sauti ni kitu kibaya mno kukitazama. Binti angetoa mkono wake wa kushonea ili amsikie akilalamikia chumvi tu.

Siku ya tano, mchana kweupe, mama akisinzia, kioo kilijiwasha. *Ndugu wa damu anaweza kuthibitisha kwa niaba. Soma kwa sauti.*

Maneno ya mganga aliyakumbuka. Akamtazama mama, mifupa ya mabega ikionekana chini ya kanga, akakisogelea kile kidude.

"Leo ni siku njema," alisoma. Mstari ukageuka kijani. "Watoto wanacheza nje." Kijani. Mama alizinduka, akaanza kupiga godoro kwa viganja, na binti akamwambia kwa upole, "Subiri, mama, nakuletea sauti yako," akaendelea, na mstari uliofuata ulikuwa "Karibu, ingia nikupime," maneno anayowaambia wateja wake kila siku, ambayo hakuwahi kuyaandika popote, na uliofuata ulikuwa lile jina la utotoni ambalo mama pekee alimwitia akiwa na homa, na vidole vyake vikapoa, na ile harufu ya wodini ikajaa chumbani, na mama alikuwa ameshaanguka kutoka kitandani, akitambaa kwa viwiko, mkono mmoja mbele ukitafuta mdomo wa mwanawe, lakini ulibaki mstari mmoja tu, mmoja, na nani angeacha mstari mmoja? Akausoma.

*Asante. Mwenye sauti ametambuliwa.*

Kishikwambi kikamalizia sentensi ya mama, iliyokatika siku zote hizo.

"...sauti yako."

Usimpe sauti yako. Na aliyesema hakuwa Kengele. Ilikuwa sauti ya binti mwenyewe, nyororo, yenye mtetemo mdogo wa mafua.

Alitaka kupiga ukelele. Mdomo ulifunguka wote, shingo ikatoka mishipa, na hakikutoka kitu. Mama alimfikia, akamkumbatia miguu. Walibaki hivyo sakafuni, wanawake wawili, cherehani ikiwa na sindano katikati ya shati.

"Hodi!" Alikuwa fundi simu, mlangoni, na suruali yake ya kupunguza mkononi. "Hodi humu ndani! Wenyewe mpo?"

Binti alimpungia mikono kupitia pazia: nenda, nenda. Pazia lilikuwa zito, hakumwona.

"Karibu," kikasema kishikwambi kwa uchangamfu. "Ingia nikupime."

Fundi simu alifuta miguu, akaingia.